Ruta Ni ya Nani? Umiliki na Dhamana katika Mkataba wa Intaneti ya Nyumbani

Mtu anaposema "ruta yangu imezimika", sarufi ya Kiswahili haina la kumlaumu. Nomino imo katika ngeli ya I-ZI, kimilikishi kimefuata upatanisho wake na kitenzi kimetulia mahali pake. Kosa, kama lipo, limo nje ya sarufi. Limo katika masharti ambayo msemaji huyo aliyatilia sahihi siku fundi alipokuja kuvuta waya wa faiba kutoka kwenye nguzo hadi sebuleni. Masharti hayo, kwa kawaida, husema kwamba kile kisanduku chenye vitaa vinavyopepesa si chake. Ni mali ya kampuni, naye amewekewa tu. Hata hivyo, masharti yayo hayo husema, vifungu vichache mbele, kwamba kisanduku kikiibwa, kikivunjika au kikiungua, atakayelipa ni yeye.

Yawezekanaje basi kitu kikawa cha mtu mmoja wakati wa faida na kikawa cha mwingine wakati wa hasara? Huenda swali hili likaonekana kuwa la wanasheria, au la mafundi wa mitambo, wala si la wapenzi wa lugha. Lakini mkataba ni matini kama matini nyingine. Una msimulizi wake, una mhusika anayesemewa, na una maneno yaliyoteuliwa kwa makusudi. Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imetoka maofisini na kuingia majumbani, na matini ya aina hii imeingia pamoja nayo. Ni miongoni mwa matini zinazotiwa sahihi mara nyingi zaidi kuliko zinavyosomwa.

Mikataba mingi ya huduma hii hufuata mkondo mmoja. Kwanza hutaja kuwa vifaa vyote vilivyofungwa nyumbani vitabaki kuwa mali ya mtoa huduma. Kisha humkataza mteja kuvifungua, kuvihamisha au kumpa mtu mwingine bila idhini. Baada ya hapo humtwika jukumu la kuvitunza na kuvilipia vikipotea au vikiharibika. Mwishowe humtaka avirudishe vikiwa katika hali njema siku mkataba utakapokoma. Kila kifungu, kikisomwa peke yake, kina busara yake. Ni vinapokaa pamoja ndipo mizani inapoinama upande mmoja.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili aliyeishi viungani mwa mji wa Kakamega aliyaonja makali ya jambo hili msimu mmoja wa mvua. Baada ya kustaafu, mwalimu huyo alikuwa akiwafundisha Kiswahili wanafunzi walioko ng'ambo kwa njia ya intaneti, na malipo yao ndiyo yaliyokuwa yakijaziliza pensheni yake. Usiku mmoja radi ilipiga, umeme ukazidi nguvu, na asubuhi kisanduku kikawa hakina hata kitaa kimoja kinachowaka. Waya wa faiba wenyewe haukuwa na hatia, kwani nyuzi zake ni za kioo na kioo hakipitishi umeme. Balaa ilikuwa imeingilia kwenye soketi ya ukutani. Fundi wa kampuni alifika siku ya tatu.

"Mwalimu, hii imeungua," alisema. "Itabidi ulipie nyingine ndipo tukuunganishe."

"Kijana wangu, si mliniambia kuwa hii ni mali yenu?"

"Ni mali yetu, Mwalimu. Lakini ilikuwa mikononi mwako."

"Na huo umeme wa radi, ulikuwa mikononi mwa nani?"

Fundi aliinamisha kichwa, akatabasamu kwa haya. Hakuwa mtu mbaya. Masharti hayakutungwa naye, na hakuwa na uwezo wa kuyapunguza wala kuyazidisha. Mwalimu alipoomba nakala ya mkataba alioutilia sahihi, alikumbushwa kwamba alitia sahihi kwa ncha ya kidole kwenye kioo cha simu ya fundi aliyetangulia. Matini yenyewe, alipoitumiwa baadaye, ilikuwa kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria zilizochapishwa kwa herufi ndogo. Wanafunzi wake walikuwa wakimsubiri, na kila siku iliyopita ilikuwa siku isiyo na malipo. Alilipa.

Uchungu mkubwa zaidi ulikuja miezi kadhaa baadaye, alipoamua kuhamia kwa bintiye Nakuru. Alikifunga kile kisanduku kipya pamoja na vyombo vyake, kwa kuwa alikuwa amekilipia kwa fedha zake mwenyewe. Kampuni ilimtaka akirudishe. Malipo yale, alielezwa, yalikuwa fidia ya kifaa kilichoharibika, wala hayakuwa bei ya kifaa kilichochukua nafasi yake. Kwa maneno mengine, alikuwa ametoa fedha ya kununua na kupata haki ya kuazima.

Hakubishana. Alichomoa karatasi kutoka katika daftari la mazoezi, akaandika kwa Kiswahili sanifu tarehe, nambari ya kisanduku, hali yake na jina la anayekipokea, kisha akamtaka fundi atie sahihi kwa kalamu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mwalimu huyo alikuwa ameifundisha methali hiyo kwa miaka mingi.

Tukio hilo lina funzo kwa mwanafunzi wa lugha, kwani Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya kueleza jinsi kitu cha mtu kinavyoweza kukaa mikononi mwa mwingine. Anayekopa fedha hurudisha thamani yake, si noti zile zile. Anayeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Anayekodi hulipia matumizi kwa muda. Anayewekewa amana hukitunza kitu kwa manufaa ya mwenyewe. Anayeweka rehani hukitoa chake kiwe kinga ya deni. Hizi si tofauti za msamiati tu. Kila neno hubeba jibu la swali moja: kitu kikiharibika bila ya mtu kukosea, nani atakayebeba hasara?

Fikihi ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imeongoza maisha ya Waswahili wa pwani, ililijibu swali hili kwa makini. Mtu aliyewekewa amana halipi kitu kikipotea, maadamu hakuzembea wala hakukiuka mipaka aliyowekewa. Aliyekodi naye huhesabiwa kuwa mwaminifu, wala halipi ila kwa uzembe wake. Kuhusu aliyeazima, wanazuoni walihitilafiana. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, humtwika dhamana kitu kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa hata kama hakuzembea. Madhehebu ya Hanafi humhesabu kama mwenye amana. Hoja ya wanaomtwika dhamana inaeleweka, kwa kuwa mwazimaji anafaidika pasi na kulipa chochote, na mwenye mali amemfanyia hisani.

Tukipime basi kisanduku cha mwalimu kwa mizani hiyo. Je, ni cha kuazima? La, kwa kuwa kampuni haikumfanyia hisani. Ada ya kila mwezi ndiyo iliyokilipia, iwe imetajwa waziwazi au imefichwa ndani ya bei ya huduma. Kinakaribiana zaidi na kitu cha kukodi. Na aliyepanga nyumba hatakiwi kuijenga upya ikipigwa na radi. Atakiwalo ni kutoichoma. Mkataba wa ruta umechukua mzigo mzito wa mwazimaji na kumtwika mtu anayelipa kodi.

Hata neno "dhamana" lenyewe lina nyuso mbili. Muuzaji anapotoa dhamana ya kitu, anaahidi kukitengeneza kikiharibika. Mtu anapobebeshwa dhamana ya kitu, anaahidi kukilipa kikiharibika. Sokoni neno hili humlinda mnunuzi. Katika mkataba wa ruta humwelemea.

Ni haki kuusikiliza upande wa pili pia. Katika mtandao wa faiba wa majumbani, uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba nyingi, na visanduku vya nyumba hizo hutuma habari kwa zamu. Kisanduku kibovu kinachotuma nje ya zamu yake chaweza kuwavuruga majirani wote. Kwa sababu hiyo mitambo ya kampuni hukitambua kila kisanduku, aghalabu kwa nambari yake maalumu, na kukikataa kisichojulikana. Aidha, mafundi wanaweza kukirekebisha kutoka mbali pasipo kubisha hodi mlangoni. Kampuni, basi, ina sababu za msingi za kutaka kukimiliki na kukidhibiti.

Lakini sababu hizo hizo ndizo zinazoonyesha mahali mzigo unapostahili kukaa. Mwishoni mwa Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipatwa na hitilafu ya huduma baada ya wavamizi kuzishambulia ruta kupitia mlango unaotumiwa kuzisimamia kutoka mbali. Wateja walichoweza kufanya ni kuchomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena. Programu ya kuziba pengo lile ilitoka kwa kampuni. Mwenye ufunguo wa mlango ndiye anayeweza kuufunga.

Ujerumani iyo hiyo ilikuwa imelikabili suala la umiliki miezi michache kabla ya hapo. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2016, mtandao wa mtoa huduma unahesabiwa kuwa umeishia kwenye soketi ya ukutani. Kinachokaa mbele ya soketi hiyo ni hiari ya mteja, na mtoa huduma hana budi kumpa habari zinazohitajika ili kuunganisha kifaa chake. Uhuru huo una gharama. Aliyenunua ruta yake hulazimika kubadilisha nywila, kuweka programu mpya na kununua nyingine ikiungua. Hata hivyo, gharama hiyo haina kitendawili. Umiliki na dhamana vimelala kitanda kimoja.

Nchini Kenya, wengi hudhani kwamba sahihi imekata shauri na hapana la kusemwa zaidi. Dhana hiyo ina mizizi katika sheria ya Uingereza. Mwaka 1934, katika kesi ya L'Estrange dhidi ya Graucob, mwanamke mwenye mkahawa aliyenunua mashine ya kuuzia sigara alishindwa kupata nafuu ijapokuwa mashine ilikuwa mbovu, kwa kuwa alikuwa ametia sahihi hati yenye masharti ya herufi ndogo. Mahakama ilishikilia kwamba aliyetia sahihi amefungwa, awe amesoma au hakusoma. Lakini mapokeo yayo hayo ya sheria yana kanuni nyingine: kifungu chenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyekitunga. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vifungu hivi viwili vikisomwa kwa pamoja, swali hujizalia lenyewe: habari iliyofungwa katika lugha asiyoielewa vyema mtiaji sahihi imempa faida gani?

Mkataba wa haki hauhitaji kurasa nyingi. Ungetaja kama kifaa kimeuzwa, kimekodishwa au kimeazimwa, kwa kutumia mojawapo ya vitenzi hivyo na kukishikilia hadi mwisho. Ungetenganisha uharibifu wa uzembe na uharibifu wa radi, kuchakaa au kasoro ya kiwandani. Ungesema kisanduku kilicholipiwa na mteja kinakuwa cha nani. Ungeeleza nani anapaswa kuweka programu mpya na nani anajua nywila ya usimamizi. Na siku ya kukirudisha, ungemlazimu anayekipokea kutoa stakabadhi.

Idara za Kiswahili zimetoa tasnifu chungu nzima kuhusu tamthilia, riwaya na ushairi, na kazi hiyo inafaa iendelee. Lakini stadi za tafsiri, semantiki na uchanganuzi wa matini zinazofundishwa madarasani ndizo zinazohitajika kwenye kurasa hizi za herufi ndogo. Mwanafunzi wa tafsiri anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza na mkataba wa intaneti ya nyumbani kwao. Aulize kila kitenzi kinamtwika nani mzigo, kisha aufasiri kwa Kiswahili ambacho mzazi wake ataweza kukisoma kabla kidole hakijagusa kioo cha simu.