Saa Mbili Usiku Mbele ya Hakimu wa Uhamiaji



Nimeombwa niandike juu ya sheria, nami ni mhandisi, si wakili. Tena katika nchi hii, tangu Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999, kufanya kazi ya kutoa ushauri wa uhamiaji pasipo kibali ni kosa la jinai, hata kama hutozi senti. Kwa hiyo asitafute mtu humu njia ya kushinda kesi yake. Nitasema juu ya jambo moja tu ambalo nimekuwa nikilitazama miaka mingi hapa Nechells, nalo ni namna Kiswahili chetu kinavyogeuka kuwa ushahidi, na namna ushahidi huo unavyoharibika njiani kabla haujamfikia hakimu. Ukiwa na wakili, au ukimjua jirani mwenye wakili, mpelekee haya.

Nianze na saa. Jirani yangu mmoja, mama wa watu kutoka Uvira, alieleza katika mahojiano yake kwamba watu wenye silaha waliingia nyumbani saa mbili usiku. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, ikaandikwa saa mbili za Kizungu, yaani usiku wa manane. Baadaye ikaja barua kutoka kanisani kwao ikisema tukio lilitokea mapema usiku, watu wakiwa bado wanakula. Barua ya kumkatalia ikasema maelezo yanapingana, hivyo haaminiki. Mama huyu hakuelewa ameambiwa nini. Alichojua ni kwamba amesema kweli na ameitwa mwongo.

Sisi wahandisi ugonjwa huu tunaujua. Mwaka 1999 chombo cha NASA kilichokwenda sayari ya Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya mfumo wa metriki. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza na tena linapozama, za Kizungu zinaanza usiku wa manane, na kati yake pana tofauti ya saa sita ambayo mtu asipoisema wazi hakuna atakayeijua. Wakili mwenye mteja wa Kiswahili aulize kila saa mara mbili: jua lilikuwa wapi? Mlikuwa mmekula? Watoto walikuwa wamelala?

Siku nazo zina mtego wake. Kwa watu wa pwani siku mpya huingia magharibi, kwa hiyo mzee wa Lamu akisema usiku wa Ijumaa huenda anasema usiku ambao Mzungu anauita Alhamisi. Na mwezi wa tatu si sawa na Mfungo Tatu, ambao ni mwezi wa kuhiji na kila mwaka huhama. Nimeona karatasi ambayo Mfungo Tatu umeandikwa Machi.

Halafu kuna maneno ambayo Kiswahili hakiyabagui na Kiingereza hulazimisha yabaguliwe. Tunasema "alikuja akanificha", na hapo haijulikani ni mwanamume au mwanamke; mkalimani huchagua mwenyewe, aghalabu mwanamume, kisha siku ya rufaa aliyeficha anageuka kuwa mwanamke na mteja anaulizwa kwa nini amebadili hadithi. Ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa baba mdogo, au mtu wa kijiji kimoja. Ukiulizwa una ndugu wangapi ukajibu wawili, na mwaka wa pili ukataja wanne, umejikata mwenyewe. Na neno askari nalo! Polisi ni askari, mwanajeshi ni askari, mlinzi wa duka ni askari, hata kijana wa wanamgambo mwenye bunduki huitwa askari. Kwa msimulizi haidhuru kitu, wote walikuwa na bunduki. Kwa sheria ya wakimbizi inadhuru sana, kwa maana swali la kwanza ni kama aliyekudhuru ni dola au ni kundi ambalo dola ingeweza kukulinda nalo, na kama ungeweza kuhamia mji mwingine ukawa salama.

Lakini linaloniuma zaidi ni la wanawake. Mama zetu hawatamki. Watasema "walinifanyia vibaya," "waliniharibia," "waliniingilia," na mwingine atasema tu "wakanichukua" kisha akanyamaza. Msikilizaji wa Kiswahili anajua kilichotokea, na anajua pia kwamba si adabu kumtaka mama arudie. Mkalimani anaandika kwamba walimtendea vibaya, afisa anapita kwenye swali linalofuata. Mwaka mmoja baadaye, mbele ya daktari au wakili mwanamke mwenye subira, neno lenyewe linatoka. Ndipo anaulizwa, mbona hukusema siku ya kwanza? Alisema. Amesema tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha heshima alichofundishwa na mama yake. Wakili anayetaka kumsaidia mwanamke wa namna hii aombe mapema afisa na mkalimani wawe wanawake, na asiridhike na karatasi ya Kiingereza peke yake. Aende kwenye sauti. Mahojiano haya hurekodiwa. Mahakama ya Rufaa ilikwishasema mwaka 2005, katika kesi ya Dirshe, kwamba mwombaji asiye na wakili wala mkalimani wake chumbani ana haki ya kutaka mahojiano yarekodiwe. Rekodi hiyo iombwe, na mtu wa pili, anayekijua Kiswahili cha kule mteja alikotoka, aisikilize. Ndivyo ilivyofanyika kwa yule mama wa Uvira, na hoja ya saa ikaondolewa.

Kwa nini nayasema haya leo na si miaka 15 iliyopita? Kwa sababu sheria imebana. Zamani mwombaji alitakiwa kuonyesha uwezekano wa kuridhisha tu kwamba maelezo yake ni ya kweli na kwamba akirudi atadhurika. Kwa maombi yaliyopelekwa tangu tarehe 28 Juni 2022, kifungu cha 32 cha Sheria ya Uraia na Mipaka ya mwaka huo kimeligawa swali. Kwanza lazima uthibitishe, kwa kiwango cha "yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli," kwamba wewe ndiye unayesema ndiwe na kwamba kweli unaogopa. Ukivuka hapo ndipo kipimo chepesi cha zamani kinarudi kwa habari ya hatari ya baadaye. Mwaka 2024, katika kesi ya JCK wa Botswana, Baraza la Juu la uhamiaji liliwapangia mahakimu mpangilio wa maswali hayo. Kwa lugha yangu ya kiwandani, ule mwanya uliokuwa ukivumilia makosa madogo umepunguzwa, na saa sita za Kiswahili hazitoshi kupita humo.

Tena Septemba 2025 mbunge wetu sisi wa Nechells, Shabana Mahmood wa jimbo la Birmingham Ladywood, aliteuliwa kuwa waziri wa mambo ya ndani, na Novemba mwaka huohuo akatangaza mpango wa kumpa mkimbizi hifadhi ya miezi 30 badala ya miaka mitano, kisha kesi yake itazamwe upya. Watu wana maoni yao juu ya siasa hiyo, nami nina yangu. Ila kwa jambo ninalolisema hapa maana yake ni kwamba karatasi ya mahojiano ya kwanza, pamoja na makosa yake, itafunguliwa tena na tena.

Watu ambao Kiswahili chenyewe kimewafikisha mahakamani ni ndugu zetu Wabajuni, wa visiwa vya kusini mwa Kismayu. Vita vya 1991 viliwasukuma wengi Kenya, na watoto wao wakakulia Mombasa na kuokota lafudhi ya Mombasa. Walipofika Uingereza waliwekwa kwenye simu kwa mahojiano mafupi, na kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab ikatoa ripoti juu ya mahali usemi wao ulipotoka. Mwaka 2010, katika kesi ya RB aliyesema ni Mbajuni wa Somalia, Baraza la Juu lilizipa ripoti hizo uzito mkubwa. Ripoti yake ilisema Kiswahili chake ni cha Kenya. Basi ikawa kama muhuri. Ilingojewa mpaka Mei 2014, katika kesi ya MN na KY, ndipo Mahakama ya Juu ikasema kwamba hakuna ripoti inayostahili uzito kwa sababu ya jina la kampuni, kila moja ipimwe, mchambuzi aonyeshe ujuzi wake, wala asitoke nje ya lugha akaanza kuhukumu kama mtu anaijua nchi yake. Wakili yeyote mwenye mteja Mbajuni, au mtu wa Barawa anayesema Chimwiini, na asiisome hukumu hiyo, kwa kweli hajajiandaa. Na amuulize mteja jambo ambalo simu haiulizi: ulikulia wapi, nani alikulea, mliongea nini nyumbani na nini dukani? Lafudhi huonyesha mahali mtu alipojifunza kusema. Haionyeshi pasipoti.

Sasa tujitazame wenyewe, maana wakalimani wengi ni sisi, watu wa Tanzania na Kenya. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kwa matumizi ya shule za wakoloni, na tangu hapo wengi wetu tunadhani wengine wote wamekosea. Mkongo akisema "batu" tunacheka. Mtu wa Lubumbashi akisema "walimpika" huenda anasema walimpiga, na nimesikia mkalimani, mtu wa nyumbani kabisa, akimkatiza mwombaji amfundishe kusema vizuri! Mwombaji akaogopa, akaanza kujibu kwa ndiyo na hapana. Mteja asiyemwelewa mkalimani aseme palepale. Mwaka 2019, katika kesi ya TS iliyohusu wakalimani, Baraza la Juu lilisisitiza kwamba malalamiko yasiwekwe akiba mpaka baada ya kushindwa. Na kwenye fomu pasiandikwe "Kiswahili" tu. Iandikwe Kiswahili cha Kivu, cha Katanga, Kibajuni, au chochote kilicho chake.

Kesi za hapa mjini husikilizwa Bull Street, mwendo mfupi kwa treni kutoka kituo chetu cha Duddeston. Katika barabara mbili tatu za hapa Nechells nawajua watu watatu ambao Kiswahili cha Kivu ni cha kuzaliwa nacho na Kiingereza chao ni safi: mmoja anaendesha basi, mmoja analea wazee, mmoja yuko ghalani zamu ya usiku. Kuna mtihani wa stashahada ya ukalimani wa huduma za umma, na upo upande wa sheria. Ada si ndogo. Nimewaambia wawili kati yao tuchange, na dereva wa basi amekwishaomba fomu.