Kisu cha Njia ya Opala

Anayetoka Kisangani kwenda Opala huanza kwa kuvuka mto. Anapanda kivuko au mtumbwi wenye injini, na upande wa pili, katika komini ya Lubunga, ndipo njia inapoanza: zaidi ya kilomita 200 za udongo, matope, madaraja ya magogo na msitu. Malori hupita kwa shida. Wengi wetu tunakwenda kwa pikipiki au baiskeli, na wale wafanyabiashara wanaosukuma magunia ya mchele na madumu ya mawese juu ya baiskeli huitembea njia nzima kwa miguu. Yupo pia anayechagua maji. Huteremka mto Kongo mpaka Isangi, kisha huupanda Lomami mpaka Opala, akilala juu ya mizigo ya balenieri. Njia yoyote utakayoifuata, mgongo wako ndio utakaokuhukumu. Kila kilo uliyoifunga nyumbani kwa shauku utaijutia ifikapo siku ya pili.

Wainjili wenyewe, kwa jambo hili la mzigo mwepesi, hawasemi sawasawa: Marko anawaruhusu wale Kumi na Wawili kuchukua fimbo, Mathayo na Luka wanaikataza. Kisu hakimo katika orodha ya yeyote kati yao. Nimewahi kujiuliza samaki walipasuliwa kwa nini.

Tangu ujana wangu naishika njia hii kwenda kwa familia ya mama, na katika vyote ninavyofunga mzigoni hakuna kinachonifikirisha kama kisu. Shati la pili naweza kuliacha. Asiye na kisu njiani huomba tangu asubuhi hadi jioni: aazimwe cha kukatia utepe wa mpira wa ndani wa kufungia mzigo, aazimwe cha kukatia kamba ya msitu utepe ukiisha, cha kumenyea nanasi, cha kuparia samaki, cha kuchongea kigingi. Zitazameni kazi hizo vizuri, na mtaona kwamba hakuna hata moja inayodai ubapa mrefu kupita kiganja cha mkono.

Aliyenifundisha mambo haya alikuwa jirani yetu wa Lubunga, mzee fundi wa baiskeli, ambaye kinoo chake kilikuwa jiwe la mtoni lililoliwa katikati kama kiatu cha zamani. Yeye hakupenda visu vinavyong'aa vya sokoni. Alisema, na mimi nimeona hivyo hivyo, kwamba vile vya bei rahisi visivyoshika kutu hupoteza makali upesi, tena jiwe la kawaida haliyarudishi vizuri. Alipenda kisu cha mhunzi, kilichofuliwa kutoka katika resori ya lori bovu. Hicho hushika kutu, ni kweli. Lakini tone la mawese kila jioni hukitosha, na jiwe lolote la mtoni hukinoa. Kabla ya kukinunua, chonga nacho kipande cha mwanzi mkavu, kisha kielekeze kwenye mwanga na kutazama ukingo wa makali. Ukiona mahali panapometa, basi makali yamelala au yamemeguka, na chuma hakikuzamishwa vema majini. Mrudishie mhunzi kwa adabu.

Tazama pia mpini. Chuma kipite ndani ya mti mpaka mwisho, kishikwe kwa misumari miwili au mitatu iliyogongwa pande zote; kisu kilichobandikwa kwa gundi hutengana na mpini wake siku ya mvua, na siku ya mvua kwetu ni siku yoyote. Ala ya ngozi huoza. Mzee wetu alikata kipande cha dumu la njano, akakikunja, akakishona kwa waya. Ala hiyo haikuharibika, wala haikuibiwa, kwa kuwa hakuna aliyeitamani.

Wako wanaopendelea kisu cha kukunja, nami siwalaumu, maana mfukoni hakina uzito. Walakini mpini wa mti huvimba kwa unyevu, na katika mvua za Oktoba kisu kinaweza kukataa kabisa kufunguka. Kinachojulikana zaidi barani mwetu ni kile kiitwacho Okapi. Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 mjini Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani katika Afrika, na jina lake ni la mnyama wa misitu yetu, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemwandika vitabuni mwaka mmoja tu kabla. Tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha maskini, cha kukatia mkate na kamba. Lakini katika mitaa ya Afrika Kusini kilishikwa na wahuni, na visu vya namna yake vikashikwa na wahuni wa Jamaika, hata mtu akikitoa mfukoni wengine hurudi nyuma. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni kile ambacho watu wamekwisha kuona kikitendwa nacho.

Jambo hilo nitalirudia. Kwanza niseme neno juu ya wembe, kwa sababu vijana wengi huusahau. Niliwahi kusafiri katika balenieri juu ya Lomami, na usiku mama mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa. Alikuwemo mkunga mzee. Mtoto alipozaliwa mkunga aliomba cha kukatia kitovu, na wanaume, kwa nia njema kabisa, wakamnyoshea visu vitano au sita, kila kimoja kimeparia samaki mchana ule. Alivikataa vyote. Akauliza ni nani mwenye wembe mpya, usiofunguliwa katika karatasi yake. Alipatikana kijana mmoja tu. Pepopunda huingia kwa mtoto mchanga kupitia chuma kichafu, na huua. Wembe mpya hauna uzito unaoweza kuuhisi. Weka miwili katikati ya kurasa za daftari, usiitumie kwa ndevu.

Sasa nirudi kwenye lile la watu na wanachokiona. Mwezi wa Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwaka huko huko Lubunga na katika vijiji vya jirani, yaani mahali hasa inapoanzia njia yetu. Mamia ya watu wameuawa. Nyumba zilichomwa, na maelfu kwa maelfu walikimbia, wengi wakivuka mto kutafuta hifadhi ng'ambo. Mapanga yalikuwa miongoni mwa silaha, mapanga yaleyale ya kufyekea shamba la mpunga. Mama yangu ni Mmbole. Yule mzee wa kinoo alikuwa Mlengola. Nyumba yake haipo tena, na kila niliyemwuliza habari zake amenijibu kwamba naye anasikia tu.

Tangu hapo panga katika mzigo wa kijana, kwenye njia ya Opala, si chombo cha kazi tu machoni pa anayelitazama. Ndiyo maana nilishituka, likizo ndefu ya mwaka 2024, nilipomwona mpwa wangu akifunga panga ndani ya gunia, chini ya nguo zake. Ana miaka kumi na tisa.

"Mjomba, wote wanabeba," aliniambia. "Nikikutana na watu wabaya, nitajilinda na hiki kisu chako cha mananasi?"

Nilimwuliza, watu hao wabaya wakiwa kumi, panga lako litawatosha wangapi? Alicheka kidogo. Nikamwuliza tena: je, ukikutana na watu wasio wabaya, ila wameogopa, watu waliochomewa nyumba zao, nao wakafungua gunia lako na kulikuta panga limefichwa chini ya nguo, utawaambia nini kwa wakati watakaokupa? Hapo hakucheka. Aliketi kitandani muda mrefu, kisha akasema kwamba shambani kwa bibi hataweza kufyeka kwa kisu. Nikamjibu kwamba bibi analo panga.

Panga lilibaki nyuma ya mlango. Kisu kidogo tulikiweka juu kabisa ya mzigo, ndani ya ala yake ya dumu, mahali ambapo mkono wa kwanza kufungua utakigusa. Hivyo ndivyo ninavyowashauri: si kiunoni, wala si chini ya nguo. Kwenye bariera ya kwanza mtu mmoja alikitoa, akakijaribu kwa kidole gumba, akauliza ni cha nini. Mpwa wangu akasema ni cha mananasi. Yule mtu akauliza, mananasi yenyewe yako wapi? Tukamenya moja, tukala pamoja tumesimama.

Sitawadanganya kwamba uamuzi ule haukutugharimu. Mbele ya Yatolema tulikuta mti umeanguka, umelala njia nzima, na kisu cha urefu wa kiganja hakina la kuuambia mti kama ule. Tuliketi saa tatu pamoja na wenye pikipiki wengine wanne, mpaka vijana wa kijiji walipofika na mapanga yao na shoka moja. Walifungua upenyo, wakadai malipo, wakadai tena kwa ajili ya shoka. Nililipa. Mpwa wangu alinitazama bila kusema neno, na nilielewa vema alilotaka kusema.

Opala tulifika siku iliyofuata, jioni. Kulipokucha bibi alimwonyesha kipande cha shamba kilichokuwa kikimngoja, akaingia jikoni na kutoka na panga lake, lililonolewa miaka mingi hata ubapa umekuwa mwembamba kama jani la muwa. Akamwagiza alirudishe kabla ya jua kuzama, kwa kuwa kesho yeye mwenyewe alikuwa na kazi nalo.