Juu ya Mapaa ya Goma

Basi lililotutoa Mwanza alfajiri lilipanda kivuko cha Busisi, likapita Geita na Nyakanazi, likatufikisha Rusumo. Tulipovuka daraja la kuingia Rwanda dereva alihamia mkono wa kulia wa barabara, na kwa dakika kadhaa mwili wangu wote ulikataa: kila gari lililotokea mbele lilionekana linakuja kutugonga. Ilikuwa Novemba 2019. Nilikuwa naenda Goma kwa mara ya kwanza, kwa mwaliko wa fundi anayeuza intaneti ya hewani, kazi ninayoifanya mimi pia.

Sisi tunaosambaza mtandao kwa antena za kwenye mapaa tuna kilio kimoja. Saa mbili usiku wateja wote wako nyumbani, video zinaganda, simu zinaanza kupigwa. Kwetu dawa zilikuwa mbili: kununua mega zaidi kwa kampuni kubwa, au kumwekea kila mteja kikomo cha kasi. Mwenyeji wangu alikuwa ameniambia kwamba mega za Goma ni ghali mno kutibia kila kitu, na kwamba nije nione anavyofanya.

Kutoka Kigali barabara inapinda vilima kwa saa tatu na zaidi hadi Gisenyi. Namanga na Mutukula nimepita, lakini mpaka kama ule unaoitwa Petite Barrière sikuwahi kuuona: umati wa watu kwa miguu, akina mama na mabeseni ya nyanya na karoti, watu wenye ulemavu wakisukuma baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo. Ebola ilikuwa bado Kivu Kaskazini, kwa hiyo kila mmoja alinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto la mwili kwenye paji la uso. Ukimaliza, hatua chache tu, uko Goma.

Weusi wa mji ulinishangaza kuliko kitu chochote. Mawe ya Mwanza ni ya kijivu, makubwa, yamekaa juu ya vilima tangu enzi. Ya Goma ni meusi, yana vitundu, yanakula soli ya kiatu, na mengi yalikuwa na umri wa mtoto wa sekondari tu: mlima Nyiragongo uliyamwaga katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002. Watu walijenga tena juu yake, na wengine wakayakata wakayafanya kuta. Usiku wa kwanza nilitoka uani nikaona wingu jekundu juu ya mlima, nikadhani kuna moto. Wenyeji waliendelea kula. Ni ziwa la lava ndani ya kreta, wakasema, liko hivyo kila siku.

Kwenye lava huchimbi shimo la nguzo kirahisi. Mlingoti wa mwenyeji wangu umesimama juu ya paa la ghorofa, miguu yake imezamishwa kwenye mapipa yaliyojazwa zege na hayo hayo mawe meusi. Tulipopanda alinionyesha upande wa mashariki. Mtandao wake unatokea huko, alisema: waya wa fibre unavuka Gisenyi, unapita Kigali, unashuka hadi nyaya za baharini za Afrika Mashariki, zilizoanza kutua pwani yetu mwaka 2009. Bahari ya Kongo yenyewe iko Muanda, ulikotua waya wa WACS, mbali kupita hata Kinshasa, na Kinshasa yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,500. Nilifurahi mno kugundua kwamba ujumbe niliomtumia mke wangu asubuhi ile ulikuwa umerudi kwa njia niliyojia.

Kuwa mpakani na Rwanda kuna faida nyingine. Serikali ya Kongo ilipozima intaneti nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikakaa imezimwa kwa takriban wiki tatu, wengi Goma walitumia laini za simu za Rwanda, na wasiokuwa nazo walivuka kwenda kusoma barua pepe zao Gisenyi.

Kesho yake tulikwenda mtaa wa Keshero kwa mteja mwenye duka la dawa, mzee wa makamo. Kwetu ningemwamkia "shikamoo mzee". Mwenyeji wangu alimwita papa, akamshika mkono, wakaulizana habari za watoto kwanza. Kisha mzee akafungua moyo: "Mangaribi koneksio iko inakwama. Na mulipaji ni miye."

Hapa ndipo nilipoona jambo nililolifuata. Mwenyeji wangu hakugusa kikomo cha mteja. Alifungua ukurasa wa redio akanionyesha nguvu ya mawimbi: hasi 81. Namba hizi huhesabiwa kinyume, ikisogea kuelekea sifuri ndiyo bora. Tukapanda. Antena ilifungwa miaka iliyopita ikiwa na njia nyeupe hadi mlingotini. Sasa mparachichi wa jirani umekua mbele yake, na mvua ya usiku ilikuwa imelowesha majani. Mawimbi ya gigahezi 5 hayapendi majani, na majani yenye maji hayapendi kabisa.

"Papa, antena yenu iko inaangalia muti wa avoka."

Kisha akanigeukia akanieleza kwa nini mparachichi ule unawaumiza majirani wasiouona. Kwenye redio za kawaida za wifi, kila antena hupewa zamu sawa ya kutuma. Ni kama bombani, kila mtu dumu moja kisha anampisha mwenzake. Akitokea mwenye dumu la mdomo mwembamba, maji yanaingia kwa uzi na mstari mzima unasubiri. Mteja mwenye mawimbi dhaifu analazimika kutuma polepole, zamu yake inakula muda mrefu wa hewani, na wote wanaotumia antena ile ya mlingotini wanashuka naye. Hata ukimwekea kikomo cha mega moja, mega hiyo moja inaweza kumeza hewa ambayo ingembeba mwingine kwa mega nyingi.

Tulihamishia bomba la antena kwenye kona ya pili ya paa, tukalirefusha, tukaigeuza antena kidogo kidogo: yeye akikaza nati, mimi nikisoma namba. Hasi 74. Hasi 70. Ikatulia hasi 63. Usiku ule wateja wa upande wote ule walipumua, na hakuna mega hata moja iliyonunuliwa. Nilikaa mbele ya grafu nikiona mstari wa Keshero umenyooka, nikashindwa kwenda kulala.

Hapo nikauliza kuhusu simu za WhatsApp zinazokatika mtu mmoja anapopandisha video. Ugonjwa huo una historia. Mwaka 2010 Mmarekani Jim Gettys aliukuta kwenye intaneti ya nyumbani kwake: vifaa vina ghala kubwa mno la kuhifadhi paketi, yaani vipande vya data, hivyo kipaketi kidogo cha sauti kinasubiri nyuma ya lundo la video. Sauti haihitaji hata kilobiti 100 kwa sekunde, lakini ikichelewa milisekunde 150 au zaidi kidogo, watu wanaanza kukatizana maneno. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa tiba mwaka 2012, programu inayopima paketi imekaa foleni muda gani badala ya kuangalia foleni ina urefu gani.

Mwenyeji wangu anaitumia kwenye kompyuta ndogo ya Linux iliyo chini ya mlingoti, na siri yake ni moja: kasi ameifunga chini kidogo ya ile anayouziwa. Kwa hiyo foleni inajikusanya kwake, anakoweza kuipanga, haijikusanyi kwenye kifaa cha kampuni ya juu asichokigusa. Tena kila mawasiliano ameyapa mstari wake, na simu inapita. Mimi hili la kujipunguzia kwa hiari nililipinga sana, kwa sababu mega zile zimelipiwa dola. Akaanza kupandisha faili kubwa, akanipa simu, akaniambia nipige Mwanza. Mke wangu aliuliza kama nimesharudi, jinsi sauti ilivyokuwa karibu.

Kabla ya kulala nilimwandikia mwenzangu wa kazi Mwanza orodha ya mapaa ya kuanza nayo. Kirumba kwanza, kwenye mwembe unaoziba antena, kisha Nyakato, kisha nyumba mbili za Bwiru zilizojengewa ghorofa mbele yake. Nikamwomba atafute ngazi ndefu, na asimpunguzie mteja yeyote kasi hadi nifike.