Walinzi wa Sadaka: Safari ya Mukuyuni



Mukuyuni ni soko katika kaunti ya Makueni, kwenye njia itokayo Wote kuelekea Machakos. Jina lake halihitaji mkalimani kwetu watu wa pwani, kwani mukuyu wa Wakamba ndio mkuyu wetu. Wala Mkamba si mgeni Mombasa. Katika karne ya 19 misafara yao iliteremka na pembe za ndovu na kupanda na nguo na shanga.

Aendaye huko kutoka Mombasa hupita Voi, Mtito Andei na Kibwezi, kisha Makindu, ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Makueni. Makindu tulitua. Pana hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, zama za mafundi wa reli ya Uganda, nalo limejulikana kwa jambo moja: msafiri yeyote, wa dini yoyote, huvua viatu, hufunika kichwa, akala bila kulipa. Chakula chao hakina nyama, kwa hiyo hata mwenye kuchunga halali hupata chapati, dengu na chai bila wasiwasi. Itikadi yao ni yao, na yetu ni yetu. Lililotushughulisha ni jiko. Waliolianzisha wamekwisha kufa zamani, na sufuria bado iko motoni. Lazima awepo wa kununua unga, wa kuhesabu kilichomo sandukuni, wa kumkabidhi mwenzake funguo zamu yake inapokwisha. Kazi hiyo haina sifa wala makofi, na ikisimama wiki moja tu, wageni hulala njaa.

Baada ya Wote nchi inainuka, na vilima vimekatwa matuta ya kuzuia maji yasichukue udongo. Mengi ya matuta ya Ukambani yalichimbwa na vikundi vya mwethya, yaani ushirika wa majirani kusaidiana kazi, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake. Walikwenda shamba kwa shamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Sokoni Mukuyuni tulikuta maembe, kunde na mbaazi, na pembeni kikundi cha akina mama wakihesabu michango yao. Mmoja alishika daftari, mwingine sanduku la chuma, na ufunguo ulikuwa kwa wa tatu. Tuliuliza kwa nini ufunguo usikae na mwenye sanduku. Walicheka. Mama mmoja mzee akatujibu kwamba wanapendana sana, na wangependa kuendelea kupendana.

Jibu hilo lilitukumbusha wakfu zetu. Sayyidna Umar (radhi za Allah zimshukie) alipopata ardhi Khaybar, alimtaka ushauri Mtume (rehema na amani zimshukie), naye akamwelekeza aizuie asili yake na kuyatoa sadaka mazao yake. Umar akaweka sharti: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Msimamizi ana ruhusa ya kula kwa wema bila kujilimbikizia mali. Miongoni mwa waliotajwa kunufaika ni msafiri, yule yule anayelishwa Makindu.

Pwani yetu ilijaa wakfu za namna hiyo: nyumba, mashamba ya minazi, visima. Nyingine zimesimama hadi leo. Nyingine zilipotea kwa njia ambazo hatupendi kuzitaja. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye haki pwani aje kudai, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wakfu uliotolewa kwa maneno matupu ulikuwa na mtetezi gani? Sheria ya Makamishna wa Wakfu ilitungwa mwaka 1951, lakini kamishna hawezi kulinda asichokijua. Sisi wenyewe tuliiona nyumba iliyowekwa wakfu kwa mafuta ya taa na mikeka ya madrasa. Mtoaji alifariki, mutawalli akafariki, na mjukuu, ambaye hakuona karatasi yoyote, akaiuza kama urithi. Pengine kwa nia safi. Watoto wa madrasa hiyo sasa huchangishwa kila mwezi.

Basi mwenye nyumba ya wakfu katika ukoo wake na aulize wiki hii: hati iko wapi? Mashahidi ni nani? Kodi hupokewa na nani, na huandikwa wapi? Mutawalli mwema hakasiriki akiulizwa, hufungua daftari.

Na akina mama msiambiwe kwamba mambo haya ni ya wanaume barazani. Umar alipoandika wasia wa wakfu ule, usimamizi aliukabidhi kwa binti yake Hafsa, Mama wa Waumini, na baada yake kwa mwenye rai njema katika jamaa zake.