Vitabu vya Pikipiki za Italia

Katika maktaba yetu kuna rafu moja ambayo wanafunzi wengi huipita bila kuitazama. Vitabu vilivyomo ni vya historia ya pikipiki za zamani za Italia, zawadi ya mwanafunzi mmoja aliyesoma hapa zamani. Nimevisoma kwa muda wa mihula miwili, nami napenda kuwaeleza wenzangu faida niliyoipata.

Kwanza, nimejifunza kwamba vyombo vyenye sifa kubwa vilizaliwa katika shida. Kiwanda cha Ducati kilianzishwa mjini Bologna mwaka 1926, nacho kilitengeneza vipuri vya redio, si pikipiki. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kilipigwa mabomu kikabomoka. Vita vilipokwisha, watu wengi hawakuwa na fedha za kununua motokaa. Basi mwaka 1946 Ducati wakaanza kutengeneza injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli, iliyoitwa Cucciolo, yaani mtoto wa mbwa. Mwaka huo huo Piaggio, waliokuwa wakiunda ndege, walitoa Vespa, maana yake nyigu. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa fundi wa ndege ambaye hakupenda pikipiki; aliziona kuwa chafu na zenye taabu kuzipanda. Kwa hiyo akaifunika injini, akamwachia mpandaji nafasi ya kupitisha miguu.

Pili, vitabu hivi huhifadhi majina ya watu. Carlo Guzzi, Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli walijuana katika kikosi cha ndege cha Italia, wakaagana kwamba Vita Kuu ya Kwanza vikiisha wataunda pikipiki pamoja. Ravelli akafa katika ajali ya ndege mwaka 1919. Wenzake wawili wakaanzisha Moto Guzzi mwaka 1921, wakaweka alama ya tai aliyekunjua mabawa, ili rafiki yao asisahauliwe. Miaka zaidi ya 100 imepita, na mimi niliye hapa Uganda nalijua jina la Ravelli.

Hapo ndipo niliposhikwa na fikira. Kaka yangu ndiye anilipiaye karo, naye huipata kwa kazi ya bodaboda. Pikipiki yake ni Bajaj ya India, na hao Bajaj katika miaka ya 1960 waliunda Vespa kwa idhini ya Piaggio. Kaka huijua injini kwa sikio. Huisikiliza kidogo, kisha husema kama mnyororo umelegea au vali zataka kurekebishwa. Nilipomwonyesha kitabu kimoja, alitazama picha, akanirudishia, akasema, "Mdogo wangu, kitabu hakifungi nati."

Neno lake ni kweli. Lakini fundi aliyemfundisha kaka alifariki mwaka jana, wala hakuna ukurasa hata mmoja wenye jina lake. Vijana wake sasa hubahatisha yale ambayo yeye aliyajua kwa hakika.

Pengine mtasema kwamba kuandika ni kazi ya wenye shahada. Mick Walker, Mwingereza aliyeandika vitabu zaidi ya 100 vya pikipiki, vingi vikiwa vya pikipiki za Italia, alikuwa mpanda pikipiki za mashindano na mfanyabiashara wa Ducati. Alizishika kwanza kwa mikono, ndipo akaziandika.

Basi nimenunua daftari. Wakati wa likizo, kaka akirudi jioni, yeye hueleza nami huandika: sauti ya vali, rangi ya plagi, dalili za petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Jina la yule mzee liko ukurasa wa kwanza. Siku hizi kaka mwenyewe huniuliza, "Lile la jana umeliandika sawasawa?"

Nanyi wakubwa wetu mliosoma hapa, mlioko katika karakana, mashamba na vyombo vya ziwani, tuleteeni vitabu, na pia tuandikieni mambo ya kazi zenu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ujuzi pia ni mali.