Kabla Hujanunua Mashine ya Kufyeka kwa Ajili ya Biashara

Leo nakuomba usome hadi mwisho, kwa sababu somo hili nililipata kwa kumwingiza mtu mwingine hasara.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kijiji nilichokuwa nakihudumia alikopa kwenye kikundi chao ili anunue mashine ya kufyeka, ile ya kubeba begani. Alitaka kukata hei yake na kufyeka mashamba ya watu kwa malipo. Akaniuliza, "Bwana shamba, nichukue ipi?" Nilikuwa na haraka ya kikao. Nikamjibu, "Mama, zote zinakata. Chukua ya bei nafuu."

Wiki ya tatu alikuja ofisini akiwa ameifunga kwa kitenge. Injini ilikuwa imejam. Hakunigombeza. Alisema tu, "Marejesho ni Jumatano." Fundi alipoifungua alituonyesha pistoni, imechubuka upande mmoja. "Hii ni ya kusafisha uani," akasema, "nyie mmeilimisha." Mama aliuza mbuzi wawili akalipa deni. Majani yake ya Rhodes yakapitiliza, mashina yakawa magumu, hei ikakosa bei.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu mashine sianzi na bei. Nauliza: utafanya nayo kazi saa ngapi kwa siku, na utakata nini?

Kazi ipi, mashine ipi. Nyasi laini za kuzunguka nyumba zinakatwa na mashine ndogo yenye injini ya cc 25 hivi na uzi wa nailoni. Ukitaka kukata Rhodes, matete au vichaka kutwa nzima, tafuta ya cc 40 au zaidi, yenye bomba lililonyooka, mpini wa kushika kwa mikono miwili na mkanda wa mabega yote mawili. Yenye bomba lililopinda iache kwa kazi ya uani, usiifunge kisu cha chuma. Usiamini namba ya stika peke yake, fungua kitabu chake usome nguvu ya injini kwa kilowati. Kisha ivae palepale dukani dakika kumi. Ikikulemea pale, saa nne asubuhi shambani utaitua chini.

Baadhi yenu hunionyesha kwenye simu zile mashine za kukalia, zinazoendeshwa kwa mikono miwili na kugeuka papo hapo. Ni nzuri kwa viwanja vya mpira na hoteli, mahali pa tambarare palipolainishwa. Kwenye mteremko hutereza, na mawe na visiki vyetu vitakumalizia visu. Kwa mashamba yetu sikushauri.

Anza kwa fundi, ndipo uende dukani. Muulize anatengeneza zipi, na spea zipi zinapatikana mjini kwenu: kabureta, plagi, klachi, kamba ya kuwashia. Spea ikiagizwa mbali, majani hayakusubiri.

Oili usikisie kwa macho. Hapa ndipo yule mama alipoumia zaidi. Kijana wake alikuwa anamimina oili kidogo kwa kukadiria. Injini ya kuchanganya haina oili nyingine ya kuilainisha ila hiyo iliyo ndani ya petroli. Kitabu kikisema 50 kwa 1, weka mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Kikisema 25 kwa 1, weka mililita 40. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa za mifugo, uliweke pamoja na dumu. Tumia oili iliyotengenezwa kwa injini za kuchanganya. Kila jioni safisha chujio la hewa, kwa maana vumbi la hei ni jingi, na gia ya chini iwekewe grisi kama kitabu kinavyoelekeza.

Piga hesabu kabla ya kutaja bei kwa mteja. Jaza tangi, fyeka ekari moja ya hatua 70 kwa 70, kisha pima mafuta yaliyotumika na muda uliochukua. Ongeza oili, visu, fundi na kibarua. Weka pembeni kiasi cha kununulia mashine nyingine, maana hii itakufa siku moja. Kinachobaki ndiyo faida yako. Kama hakibaki kitu, fyekeo la mkono bado lina heshima yake.

Vaa miwani na buti. Usitoe kikinga cha kisu, na watu wakae mita 15 mbali nawe. Jiwe likirushwa halichagui mtoto wala mkubwa.

Yule mama alirudi kwangu msimu uliofuata, na fedha zake mwenyewe safari hii. Tulianza kwa fundi, tukaenda maduka mawili, na mashine aliivaa mwenyewe. Kikao cha siku ile nilikikosa.

Nawe ukitaka kununua, pita ofisini kwa afisa ugani wako kabla hujalipa. Akikujibu kwa haraka kama nilivyojibu mimi, muulize tena.