Siku Moja Chini ya Mlima Hanang

Akina mama wenzangu, sisi wa Singida tumezoea jua, upepo na mawe. Basi mwezi wa sita, tulipopata Jumamosi isiyo na zamu wala msiba, tulifunga chakula na masweta, tukapanda basi la alfajiri kwenda Katesh.

Barabara ya kuelekea Babati ni ya lami. Mlima Hanang huonekana kutoka mbali, umesimama peke yake, una zaidi ya mita 3,400, na siku ile kilele kilifunikwa na wingu. Watoto waliposhuka walitetemeka kwa baridi huku wakicheka. Tuliketi kwenye majani, mume wangu akamimina chai. Sikukumbuka mara ya mwisho niliponyweshwa chai nikiwa nimekaa.

Mama aliyetuuzia mahindi ya kuchoma alituonyesha makorongo mlimani. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka mpaka mjini, wakafa watu zaidi ya 80. "Mlima huu ndio unaotupa maji," alisema. "Tutauchukiaje?" Uuguzi umenifundisha kwamba mfiwa hahitaji maneno mengi. Nilimshika mkono, tukakaa kimya.

Mama mpendwa, usidhani kupumzika ni anasa. Panga siku yako, chukua sweta, uende. Lakini usitazame mlima tu. Msalimie na mwenyeji, umsikilize. Usiku ule kitinda mimba wetu aliomba: "Mungu, mlinde mama wa mahindi."